Namna ya Kumchuja Babu

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa jikoni akijaza birika. Bomba lilianza kama linavyoanza siku zote: kwanza upepo, kisha kikohozi, kisha maji yenye rangi ya chai ambayo haijaamua kuwa chai, mwishowe maji yanayoonekana kama maji. Birika lilipofika nusu, marehemu baba mkwe wake alisema kutoka ndani ya maji kwamba kile kipira cha ndani ya bomba kimekwisha, na kwamba alishasema.

"Shikamoo, Baba," Mama alisema, akainamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye sinki.

"Marahaba, mwanangu. Usikaze kwa nguvu. Ukikaza kwa nguvu ndiyo unakimaliza kabi..."

Mama alikuwa ameshafunga. Akabandika birika, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Babu alikuwa amefariki majira ya mvua yaliyopita, baada ya kuitumikia Idara ya Maji kama fundi bomba mpaka magoti yakamkatalia. Kabla ya kufa aliomba jambo moja tu, azikwe na spana yake kubwa. Ndugu walikaa, wakajadili, wakaona spana haiwezi kuleta madhara mikononi mwa mtu asiye na kitu cha kufungua. Hapo ndipo walipokosea, kwa sababu bomba kuu la mtaa linapita chini ya makaburi, na lina ufa. Babu alikuwa ameuripoti ufa huo tangu meno yake yote yalipokuwa mahali pake, na Idara ilikuwa imemjibu kila mara kwamba imepokea taarifa. Sasa akalazwa hatua chache kutoka hapo, kimya kimetanda, na ufa unavuja. Fundi hawezi kulala karibu na bomba linalovuja, hata akiwa na sababu nzito ya kulala. Alichukua spana yake, akaenda kutazama.

"Maji yalikatika," alieleza siku aliyofika nyumbani, ndani ya ndoo ya kudekia. "Maji yakikatika, bomba linavuta. Nikavutwa. Yaliporudi, yakarudi na mimi. Mmesahau kumwagilia ile miche?"

Baba wa nyumba, ambaye ni dereva wa lori na mara nyingi yuko barabarani, alipigiwa simu. Alisikiliza habari yote, akauliza kama mzee anahitaji chochote. Akaambiwa hahitaji. Akasema basi asalimiwe.

Maisha yalijipanga upya. Bibi alihamishia kigoda chake jikoni, akawa anafungulia bomba kiasi cha uzi, maana maji yakiwa mengi Babu alipiga kelele na yakiwa machache alinong'ona, na Bibi alipenda kunong'onezwa. Waliongea habari za watu waliokuwa vijana wakati wao. Waligombana kuhusu nani alivunja taa ya chumbani mwaka waliooana. Maji yaliyokwisha kuongea yalikingwa kwenye ndoo, yakatulia, yakanyamaza, yakatumika kupikia.

Aliyepata tabu ni Mama. Mtu mwenye adabu zake hawezi kuoga na baba mkwe. Siku za mwanzo aliosha uso tu, tena akiwa amejifunga kanga mbili na kitambaa kichwani. Babu mwenyewe ndiye aliyeligundua jambo hilo, akaona haya, na wakaafikiana pasipo kulitaja: Mama akigonga bomba la bafuni kwa kijiko, Babu anakohoa na kuhamia jikoni, na anaongea na Bibi kwa sauti ya juu ili ijulikane wazi aliko.

Kijiko cha kugongea kilikuwa cha kitinda mimba wa nyumba, ambaye kwa ajili ya kijiko hicho aliitwa Kijiko. Hakuwa ameanza shule. Isipokuwa Mama alipokiazima, hakuwahi kuonekana bila kijiko chake mkononi, na kwa kijiko hicho alikunywa kila kitu kilichokaa mbele yake: supu, maji ya kuogea, mvua iliyotuama kwenye kiti cha plastiki. Tangu Babu arudi, Kijiko alikuwa akiumwa tumbo. Lilikuwa linakuja, linamkunja kama karatasi, linaondoka, linarudi. Mashavu yake yalianza kwenda zao.

"Watoto wote wa mtaa huu wanaumwa tumbo," Bibi alisema.

"Na mimi sikuzaa watoto wote wa mtaa huu, Mama," Mama akamjibu, akatoka nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Dada yake Kijiko alikuwa nyumbani kutoka shule ya bweni, kwa likizo ambayo shule ilimpa yeye peke yake. Siku ya ukaguzi alikuwa ametia wino kwenye tangi la maji la shule, na mkaguzi mkuu akanawa uso kwa unyenyekevu kabla ya hotuba, akahutubia akiwa wa bluu. Tangu hapo msichana huyo aliitwa Wino, na nyumbani neno lake lolote kuhusu maji lilipokelewa kwa tahadhari.

"Kuna kitu kwenye maji," Wino alisema.

"Tunajua," alisema Bibi. "Ni babu yako."

"Mbali na Babu."

"Wewe mke mwenzangu, uliweka nini safari hii?"

Wino aliapa kwamba hajaweka kitu. Akajaza chupa, akaipeleka kwa mpima maji wa zahanati, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mpima maji aliichukua chupa mpaka kwenye chumba chake, akakaa nayo, akatoka akijifuta mikono.

"Kuna kutu," alisema. "Kuna madini ya risasi, hayo si mazuri kabisa kwa mtoto. Kuna vijidudu vya tumbo, vingi, vya kila aina. Na kuna mtu mzima mmoja, mwanamume, mvuta tumbaku."

"Huyo ni babu yangu."

"Poleni. Anaonekana mtu mwema." Alivua miwani. "Lakini nisikilize. Kama mzee mzima ameweza kuingia humo, hakuingia peke yake. Pana ufa mahali, na unapitisha kila kitu. Ama Idara wazibe, ama nyinyi mchuje. Na kwa huyo mdogo wenu anayekunywa mpaka maji ya kuogea, chujio la jikoni halitoshi. Mchuje pale maji yanapoingilia nyumbani, yote."

Wino alilifikisha neno hilo nyumbani kama alivyopewa. Mama alisikiliza akiwa amempakata Kijiko. Bibi alisikiliza akiwa amelishika bomba. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mnataka kumchuja mume wangu," Bibi alisema hatimaye.

"Tunataka kuchuja maji, Mama."

"Na yeye yuko wapi?"

Mama alimhamishia Kijiko kwenye goti lingine.

Muuza machujio alikuja Jumatatu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na kona, akiburuta sanduku la magurudumu. Alikuwa na maneno mengi mazuri na aliyatoa yote mlangoni. Alipoambiwa kwamba ndani ya maji kuna mzee ambaye sehemu ya familia ingependa abaki, aliitikia kwa kichwa.

"Wateja wengi siku hizi wana mtu," alisema. "Tujaribu moja moja. Chujio halichaguliwi kwa picha."

La kwanza lilikuwa la udongo wa kuchomwa, lenye umbo la chungu ndani ya ndoo. Maji yalipita humo kwa subira kubwa. Babu naye alipita, ila kwa silabi. Alianza kusema "habari za asubuhi" wakati kijana anafunga tena sanduku, na alikuwa bado hajaifikia asubuhi walipomaliza chai.

"Hili linanitosha," Bibi alisema haraka. "Hata wakati ananichumbia hakuwa na mbio."

"Linatoa vijidudu?" Wino aliuliza.

"Karibu vyote," kijana akajibu kwa fahari.

"Na risasi?"

Kijana aliitazama kona ya shati lake. "Risasi inabaki."

Mama alilisukuma chujio la udongo pembeni kwa ncha ya kidole.

La pili lilikuwa bomba la plastiki lililojazwa mkaa. Kijana alieleza kwamba mkaa huu umetengenezwa maalumu, unashika harufu, unashika ladha mbaya, na huu wa aina yake unashika na risasi. Wakafungulia. Maji yalitoka yakiwa hayana harufu ya dawa wala ya tumbaku, na Babu akatoka nayo, kila neno limenyooka.

"Mke wangu mpenzi," Babu alisema, "samahani kwa usumbufu. Chai yako siku zote ilikuwa nzuri sana. Asanteni nyote kwa muda wenu."

Bibi alifunga bomba kwa mikono miwili.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni yeye, Bibi. Ila amechujwa."

"Mume wangu alikunywa chai yangu maisha yake yote na hajawahi kuisifu hata siku moja. Niondolee mtu huyu ndani ya nyumba yangu."

Walipoliondoa chujio la mkaa na kumfungulia tena, Babu alikohoa kwa muda, akatema neno ambalo mkaa ungelishika, na kusema alijisikia kama amevalishwa nguo za mtu mwingine akaitwa kutoa hotuba. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga. Muuza machujio akaongeza, kwa sababu alikuwa mkweli kuliko shati lake, kwamba vijidudu vingine hupenya kwenye mkaa bila shida.

Ikabaki ya tatu, mashine nyeupe yenye tumbo kubwa. Ndani yake kuna utando, kijana alisema, wenye matundu madogo kiasi kwamba hata wazo baya halipiti. Inapokea maji, inayagawa: yaliyo safi yanakwenda huku, yaliyokataliwa yanatoka kwa mpira huu mweupe, mnauelekeza mferejini, basi. Hakuna aliyeutazama mpira mweupe. Wote walikuwa wanaitazama glasi chini ya bomba. Ilijaa. Maji yaling'aa. Walitega sikio mpaka jirani akasikika anasaga kitu.

"Hasemi," Kijiko alisema.

Alichovya kijiko chake kwenye glasi, akanywa, akasubiri, akanywa tena.

Bibi aliomba mashine izimwe na bomba lifunguliwe kama zamani, kiasi cha uzi. Akasogeza kigoda. Watu wengine walipata shughuli za ghafla: Mama alikumbuka vitunguu, kijana akaanza kupanga vifaa vilivyokwisha kupangwa, Wino akachunguza dari.

"Umesikia?" Bibi aliuliza.

"Nimesikia," Babu akanong'ona. "Chukueni hiyo ya tatu."

"Unasema upesi hivyo."

"Nimepeleka maji kwa watu maisha yangu yote, bi mkubwa. Maji ya kunywa hayakai na mtu ndani yake. Mwanafunzi wangu angeniletea maji kama haya ningemchapa na spana."

"Nimekupata juzi tu," Bibi alisema. "Nilikuwa sijamaliza hata kukugombeza."

"Taa niliivunja mimi."

Bibi alisogeza kigoda, akakirudisha. Jambo hilo alikuwa amelisubiri tangu mwaka waliooana, na sasa hakujua aliweke wapi. Kisha akafunga bomba, bila kukaza, akasimama, akamwambia kijana afunge mashine pale maji yanapoingilia nyumbani, yote, na afanye haraka kabla yeye hajapata akili nyingine.

Mashine ilifungwa. Jioni hiyo Mama alioga bila kugonga bomba, akaoga sana, akaimba beti zote za wimbo ambao hajawahi kuumaliza. Kijiko alilala usiku kucha akiwa amenyooka. Siku zilizofuata mashavu yake yalirudi kama watu waliotoka safari, moja likitangulia kidogo. Mama alimpikia Bibi kila alichokipenda na hakusema neno lolote kuhusu jambo lolote. Bibi alikula, akashukuru. Kigoda kilibaki jikoni, na kila aliyekikuta njiani alikizunguka.

Kisha jioni moja Bibi alitoka nyuma ya nyumba kumwaga maji ya vyombo, akasikia mfereji unatukana.

Ulikuwa unatukana kwa ufundi. Ulisema kwamba aliyeufunga mpira huu ameufunga kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, kwamba umepindwa mahali usipopindwa mpira, na kwamba mtu wa heshima ameachwa hapa nyuma akiongea na maganda ya ndizi. Harufu ya tumbaku ilijaa uani. Bibi aliweka beseni chini. Akainama, akaushika mpira mweupe, akausogeza karibu na uso.

"Mzee?"

"Nani mwingine! Mnanimwaga kama makoko ya ugali!"

"Mbona sauti imekuwa hivyo?"

Sauti ilikuwa imekuwa ya ujana. Mashine ilikuwa inachukua maji mengi na kuyakataa yaliyobaki yakiwa mazito, na kila kilichokataliwa kilitoka kwa mpira huo kikiwa kimekolea: kutu imekolea, risasi imekolea, na Babu amekolea kuliko alivyokuwa hata siku ya harusi. Aliongea kwa kifua. Alicheka kile kicheko ambacho wazazi wa Bibi walikuwa wamekipiga marufuku.

"Wino!" Bibi aliita. "Lete kigoda changu! Kimbia, mke mwenzangu, kabla sijakunyang'anya mume!"

Wino aliunganisha upya mpira ule, Babu akimsimamia na kumwita majina yasiyochapika, kwa upendo. Waliuleta mpaka chini ya dirisha la jikoni, mdomo wake juu ya ndoo yenye mfuniko, na Wino akatoa masharti kama daktari: hakuna kunywa, hakuna kupikia, hakuna kumwagilia mboga, hakuna Kijiko karibu. Ni kusikiliza tu. Ndoo ikijaa inamwagwa mferejini. Bibi alikubali masharti yote. Mama alichungulia dirishani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unaimba. Ubeti wa tatu umeukosea."

Mama alifunga dirisha, akacheka ndani ya kitambaa cha vyombo.

Ingeweza kuishia hapo, kama Babu asingekuwa fundi. Lakini jioni iliyofuata aliuliza habari za nyumba za jirani.

"Mtoto wa fundi cherehani bado anaumwa," Bibi alimwambia. "Na wale mapacha. Hawana mashine."

"Na ufa?"

"Si wewe ndiye uliye huko?"

"Nimeushikilia kwa mikono kadiri ninavyoweza. Mikono yangu unaijua ilivyo sasa. Nenda Idarani, bi mkubwa. Waambie wazibe."

Bibi alichezea mdomo wa mpira.

"Wakiziba, wewe je?"

"Mimi nitabaki upande nitakaokuwa."

"Upande upi?"

"Ule wa kulala," Babu alisema, taratibu.

Asubuhi Bibi alivaa viatu vyake vya kanisani na harusini, akaenda Idara ya Maji. Alikwenda kwa nia safi. Njiani alijiuliza kuhusu nia hiyo mara kadhaa na kila mara aliikuta ipo, ingawa ilikuwa inachechemea. Karani mwenye tai alimkaribisha kiti. Bibi alimweleza habari zote: ufa, makaburi, watoto, mume wake. Karani alimsikiliza vizuri sana, maana alikuwa kijana aliyelelewa.

"Ni kweli kuna ufa pale," alisema. "Tuna taarifa zake nyingi. Zote za fundi mmoja."

"Huyo huyo."

"Na sasa unasema yuko pale kwenye ufa?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Na spana anayo?"

"Anayo."

Karani alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi, mama yangu, hapo pana fundi tayari. Tukipeleka mwingine watagongana."

"Mwanangu, huyo fundi amekufa."

"Ndiyo maana hana likizo," karani alisema, bila ubaya wowote. Akafungua droo, akaifunga. Kuhusu marehemu kuwemo majini alimwondoa wasiwasi: mmoja kwa kila nyumba yuko ndani ya kiwango. Akamsindikiza mpaka getini, akamwambia amsalimie mzee, kwa sababu kazi yake inathaminiwa.

Bibi alirudi kwa miguu, njia ndefu. Alipita nyumba ya fundi cherehani, akasikia mtoto analia na mama yake anambembeleza. Akaingia, akawaachia chupa ya maji ya mashine aliyokuwa amebeba ya njiani, na alipofika nyumbani akamwambia Wino awe anawapelekea kila asubuhi, na wale mapacha pia. Wino akaanza siku hiyo hiyo, akiwa na chupa begani na kelele nyingi. Chupa zilikuwa chache kuliko nyumba.

Jioni Bibi alitoka na kigoda chake chini ya dirisha. Alikaa. Mpira ulikuwa unadondoka taratibu kwenye ndoo.

"Wamesema wanakuja lini?" Babu aliuliza.

"Hawaji."

"Wamesemaje?"

"Wamesema kuna fundi tayari. Wanakusalimia."

Mpira ulidondoka mpaka ndoo ikapata maji ya kutosha kutoa mlio mwingine.

"Wahuni," Babu alisema. "Nilikula pensheni yao, na bado wananidai kazi."

"Nilikwenda kwa moyo mmoja," Bibi alisema. "Nataka ujue hivyo. Niliwaambia wazibe. Niliwaambia mara mbili."

"Najua."

"Na mtoto wa fundi cherehani bado analia."

"Namsikia. Bomba lao linapita hapa."

Bibi alitaka kukasirika, na alikasirika, na hasira ilikuwa ya kweli. Lakini mkono wake, ambao haukuwa umeulizwa, ulikuwa umeshasogeza kigoda karibu zaidi na mpira.

"Hiyo taa," alisema. "Uliivunjaje?"

"Subiri kidogo," Babu alisema kwa sauti yake ya ujana. "Nibadilishe mkono kwenye ufa."